Kordi Bila Karatasi: Maandishi na Mlio wa Gitaa la Jazz, Kutoka Rungwa Hadi Pwani

Neno "jazz" limo katika Kiswahili cha Tanganyika tangu miaka ya 1930. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958, Western Jazz mwaka 1959, na NUTA Jazz mwaka 1964. Mtu wa Marekani aliyesikia majina haya angedhani kwamba bendi hizo zilipiga nyimbo za Duke Ellington au za Count Basie, na kwamba kila mpigaji aliwekewa mbele yake karatasi ya nota. Mambo yote mawili hayakuwa hivyo. Katika Tanganyika neno hili lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye ala za kigeni, na nyimbo zake zilifuata zaidi rumba ya Cuba kuliko jazz ya New Orleans. Jina lilivuka bahari, karatasi haikuvuka.

Makala haya yakusudia kuichunguza hiyo karatasi ambayo haikuvuka: ni kitu gani, ilizaliwaje, ilishika nini katika muziki na iliacha nini, na jinsi wapigaji magitaa wa nchi hii walivyoitenda kazi yake kwa njia nyingine. Jambo hili si la wanamuziki peke yao. Ni la wanafunzi wa lugha pia, kwa kuwa mahali pasipo maandishi kazi kubwa ya kuhifadhi huachiwa maneno, na maneno yasipokusanywa hufa pamoja na wenyewe.

Neno moja lahitaji kuelezwa tangu mwanzo. Sauti kadha zikipigwa kwa pamoja ili zisikike kama kitu kimoja, Waingereza huwa na jina lake, ambalo likiandikwa kwa kawaida ya Kiswahili lingekuwa "kodi". Lakini kodi ni ile itozwayo na serikali, au na mwenye nyumba. Kwa hiyo katika makala haya limeandikwa "kordi", ili msomaji asidhani anasoma habari za hazina.

Rungwa na majirani zake

Uchunguzi waweza kuanzia mahali palipo mbali na kumbi za dansi. Rungwa ni kijiji cha upande wa kusini wa Mkoa wa Singida, katika nchi ya miombo, juu ya barabara itokayo Itigi kwenda Chunya na Mbeya. Itigi ni stesheni ya reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, karibu na Chunya, iliwavuta watu wengi wa kazi upande huo wa kusini. Rungwa yenyewe imo katika Ukimbu. Kaskazini na magharibi yake ni Unyamwezi. Na upande wa mashariki, kupita Manyoni, ni Ugogo. Mtu akitaka kujua watu wa bara walikuwa na masikio ya namna gani kabla gitaa halijafika, mkoa huu ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu muziki wa Wagogo umechunguzwa na wataalamu kwa makini.

Mwaka 1967 Kwabena Nketia wa Ghana alichapisha maelezo ya namna Wagogo wanavyopanga sauti nyingi katika wimbo mmoja, na Gerhard Kubik wa Austria ameeleza asili ya mpango huo. Kwa ufupi ni hivi. Uzi unapotikisika, hautoi sauti moja tu. Ndani ya sauti ile nzito mna sauti nyingine nyembamba, nazo zimepangwa kwa hesabu: ya pili hutikisika mara mbili ya ile ya kwanza, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne, na kuendelea. Sauti zitumiwazo katika uimbaji wa Wagogo zalingana na zile za 4 hadi 9. Ile ya nne ikiitwa do, ya tano ni mi, ya sita ni sol, ya saba ni si iliyoshushwa, ya nane ni do ya juu, na ya tisa ni re.

Mpigaji gitaa wa jazz akionyeshwa safu hiyo ataitambua mara moja. Do, mi, sol, si iliyoshushwa na re ni sauti za kordi ambayo karatasi ya jazz huiandika kwa herufi moja na tarakimu moja tu: C9. Hii si hoja kwamba jazz ilitoka Ugogo, wala kwamba Wagogo walijifunza kwa mtu yeyote. Ni hoja ndogo zaidi, nayo yatosha: sikio la bara lilikwisha kuzoea sauti nyingi zisikikazo pamoja, hata kabla ya kinanda cha kanisani na santuri. Kordi haikuwa jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni chombo na maandishi yake.

Hata hivyo C9 ya gitaa na sauti za Wagogo si kitu kimoja kabisa. Nusu-toni moja ya gitaa ikigawanywa katika sehemu 100, ile sauti ya saba ya Wagogo iko chini ya si iliyoshushwa ya gitaa kwa sehemu 31 hivi, na mi yao iko chini kwa sehemu 14 hivi. Vyuma vyembamba vilivyopigiliwa juu ya shingo ya gitaa havina mahali pa sauti hizo. Mpigaji aitakaye ile ya saba hana budi kuanzia sauti iliyo chini yake, kisha auvute uzi kwa kidole mpaka sikio liridhike. Alama ya C9 haisemi lolote juu ya kazi hiyo ya kidole.

Karatasi ya jazz

Karatasi itumiwayo na wapigaji jazz ni ya ukurasa mmoja, au miwili kwa wimbo mrefu. Katika mistari mitano ya nota huandikwa mahadhi ya wimbo peke yake. Juu ya mahadhi huwekwa herufi na tarakimu za kordi. Na chini yake, pengine, maneno ya wimbo. Hakuna zaidi. Sehemu ya besi, ya piano na ya gitaa haziandikwi. Kila mpigaji hutazama herufi zile zile na kujitungia sehemu yake.

Historia yake si ndefu. Katika miaka ya 1920 wachapaji wa nyimbo za Marekani walianza kuweka juu ya nota za piano vijipicha vya nyuzi za ukulele, na herufi za kordi pamoja navyo, ili mtu asiyesoma nota apate kuiongoza sauti yake nyumbani. Mwaka 1942 George Goodwin alianzisha kadi zilizoitwa Tune-Dex, kila kadi wimbo mmoja, kwa matumizi ya watu wa redio na wa biashara ya muziki. Haukupita muda mrefu watu walianza kuzinakili kadi hizo, kuzifunga vitabu, na kuviuza kwa siri bila idhini ya wenye nyimbo. Katikati ya miaka ya 1970 wanafunzi wa chuo cha Berklee, katika mji wa Boston, walitengeneza kitabu cha namna hiyo kilichoandikwa vizuri zaidi, kikaitwa Real Book. Nacho kiliuzwa bila idhini kwa miaka mingi, hata mwaka 2004 ndipo ilipotokea chapa ya halali. Kwa hiyo maandishi haya ambayo sasa yafundishwa vyuoni yalikulia mitaani, mikononi mwa watu waliotaka kupata wimbo upesi kabla ya kazi ya usiku.

Sifa yake kubwa ni ufupi wa makusudi. Herufi C yamaanisha do, mi na sol. Cm yashusha mi. C7 yaongeza si iliyoshushwa. C9 yaongeza re juu ya hiyo. Lakini karatasi haisemi ni uzi gani kati ya sita ukandamizwe, ni kidole gani kitumike, ni sauti ipi iachwe. Freddie Green, aliyepiga gitaa katika bendi ya Count Basie tangu mwaka 1937 hadi kufa kwake mwaka 1987, alijulikana kwa kutumia sauti mbili tatu tu za kordi, na pengine moja tu ndiyo iliyosikika vema, huku besi na piano zikijazia zilizobaki. Mpigaji mwingine angezipiga zote. Wote wawili wamesoma herufi moja, na hakuna aliyekosea.

Wasomaji wa tenzi za kale wanayajua maandishi ya namna hiyo. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alama moja ya kasra ilisimama badala ya i na ya e; alama moja ya dhamma badala ya u na ya o; ba ilitumika mara nyingi kwa b na kwa p; na sauti ya n au ya m iliyotangulia konsonanti aghalabu haikuandikwa. Kwa hiyo "penda" na "pinda" zingeweza kuandikwa sawasawa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alijitahidi kuiongezea hati hiyo alama ili ipungue utata. Lakini Mswahili aliyeujua utenzi hakuangamia kwa upungufu huo, kwani mizani, vina na maana vilimwonyesha njia. Hati ilikuwa ya kumkumbusha ajuaye, si ya kumfundisha asiyejua. Karatasi ya jazz ni hivyo hivyo: asiyeijua lugha ya jazz hatapata jazz ndani yake.

Lililo kimya kuliko yote katika karatasi ni mlio. Gitaa la Gibson ES-150 lilitoka mwaka 1936, nalo lilikuwa na sumaku chini ya nyuzi ya kupeleka mtikisiko katika kipaza sauti. Mwaka 1939 Charlie Christian aliingia nalo katika kundi la Benny Goodman, na tangu hapo gitaa likaweza kusema peke yake mbele ya tarumbeta na klarineti. Alama za kordi hazikubadilika hata kidogo, lakini mlio ulibadilika kabisa. Mtu aliyezitazama karatasi za mwaka 1935 na za mwaka 1945 asingejua kwamba kumetokea jambo lolote.

Kwa nini karatasi haikuvuka

Si kweli kwamba nchi hii haikuwa na maandishi ya muziki. Bendi za matarumbeta za majeshi zilipiga kwa nota, na ngoma ya beni, iliyoanza pwani katika miaka ya 1890, iliiga sura ya bendi hizo. Misheni nazo zilileta sol-fa ya John Curwen wa Uingereza, ambayo huandika sauti kwa herufi za d, r, m, f, s, l na t. Kwaya nyingi zaitumia hata leo. Lakini sol-fa ya kwaya na karatasi ya jazz zatofautiana kwa jambo moja kubwa: kwaya huandikiwa sauti zote nne kwa ukamilifu, wala mwimbaji haachiwi nafasi ya kujitungia. Mtu aliyelelewa katika sol-fa alijua kordi kwa kuisikia na kuiimba, lakini hakuwa na jina la herufi la kuiita.

Dansi ilipita njia nyingine. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa santuri za nyimbo za Cuba zilizotiwa alama ya GV, nazo zilipendwa mno katika Afrika. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyeanzisha bendi mwaka 1948 ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba, alikuwa mmoja wa waliozigeuza nyimbo za namna hiyo kuwa za Kiswahili, mpaka kifo chake mwaka 1965. Redio nayo ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania mwaka 1965. Mwalimu, basi, alikuwa santuri na redio. Mwalimu huyo hufundisha mahadhi, kordi na mlio kwa pamoja, jambo ambalo karatasi haiwezi. Lakini haonyeshi vidole vyake, wala hasubiri mwanafunzi. Aliyetaka kujua hakuwa na budi kurudisha sindano nyuma mara nyingi, kuzitafuta sauti moja moja shingoni mwa gitaa, na kuridhika alipoona zimekubaliana.

Kazi ya karatasi ilivyotendwa

Katika bendi za Tanganyika mambo matatu yalisimama mahali pa karatasi.

La kwanza ni mgawanyo wa kazi. Gitaa la solo, gitaa la rithim na gitaa la besi ni majina ya vyombo, lakini pia ni majina ya wajibu. Mpiga rithim alijua kwamba kordi ni zake, naye huzigawa kwa mapigo; mpiga besi alijua kwamba mzizi wa kordi ni wake; mpiga solo alijua kwamba mahadhi, na majibu kwa mwimbaji, ni yake. Bendi ilipoongeza gitaa la pili la solo, halikukariri kazi ya la kwanza, bali lilisimama kati yake na rithim. Hivyo kordi moja haikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Ilitandazwa juu ya magitaa matatu au manne, na hakuna hata mmoja aliyeipiga nzima. Katika Kongo ufundi huu ulifika mpaka kwenye nyuzi zenyewe: katika gitaa liitwalo mi-composé, uzi wa nne, yaani wa re, huondolewa na kuwekwa uzi mwembamba uliolinganishwa oktava moja juu yake. Kordi hubaki ile ile kwa jina, lakini mpango wa sauti zake wawa mwingine, na mlio wake wang'aa.

La pili ni mtindo. Karatasi ya jazz huwa na neno moja pembeni la kuwaeleza wapigaji mwendo wa wimbo. Bendi za Tanganyika zilikuwa na neno lao wenyewe, tena la fahari: Western Jazz walipiga Saboso, Tabora Jazz walipiga Segere Matata, NUTA Jazz walipiga Msondo. Jina la mtindo lilikusanya mwendo wa ngoma, desturi ya rithim na namna ya kuingia kwa solo, likayafunga yote katika neno moja ambalo wapigaji na wachezaji walilielewa. Nguvu ya neno la namna hiyo yaonekana katika historia ya NUTA Jazz. Chama cha wafanyakazi kilipobadilika, bendi nayo ilibadilishwa jina, ikawa Juwata mwaka 1977, kisha OTTU. Lakini Msondo haukubadilika, na mwishowe ndio uliokuwa jina la bendi yenyewe.

La tatu ni umbo la wimbo. Wimbo wa dansi aghalabu huanza kwa mwendo wa pole wenye beti na kiitikio, kisha huingia sehemu ya haraka ambamo magitaa hutawala. Wenyewe huiita sehemu hiyo chemko. Anayejua kwamba chemko laja, na kwamba kordi zake ni chache na zajirudia, hana haja ya kusomewa.

Mfano mmoja waonyesha jinsi karatasi ilivyokuja nyuma ya vidole. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, huko Katanga. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha kwao na kupiga kwa kidole gumba na cha shahada, na wimbo wake wa "Masanga" ukajulikana mbali. Karibu miaka kumi baadaye, mwaka 1961 na 1962, David Rycroft alichapisha uchunguzi wake wa upigaji wa Mwenda, ambamo aliandika kwa nota yale aliyoyasikia katika santuri. Hapo karatasi haikuwa mwanzo wa muziki. Ilikuwa ushahidi uliotolewa baada ya tendo. Na kurasa nyingi zilihitajiwa kueleza kitu ambacho kwa alama za kordi kingeonekana kuwa herufi tatu tu.

Hasara na wajibu

Yafaa sasa kuuliza kama kukosa karatasi kulileta faida au hasara. Faida ni dhahiri. Wapigaji hawakufungwa na alama za watu wengine, na kila bendi ikawa na mlio wake uliotambulika hata kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Lakini hasara nayo ni kubwa, na yazidi kukua. Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz na baadaye wa Super Volcano, alifariki mwaka 1979 kabla ya kutimiza miaka 35. Santuri zake zipo, na kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania zimehifadhi sauti za bendi nyingi za wakati wake. Ukanda hushika mlio kuliko karatasi yoyote. Lakini haujibu ni uzi gani uliopigwa, nyuzi zililinganishwaje, wala mpiga rithim aliiitaje kordi ile alipomwelekeza kijana aliyeingia bendini juzi.

Maswali hayo yajibiwa kwa maneno tu, na maneno hayo yamo vinywani mwa wazee. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na wote walioirithi kazi yake, wamekusanya istilahi za sheria, za kilimo na za elimu. Istilahi za gitaa hazijapewa heshima hiyo, ingawa Kiswahili kina akiba ya kuanzia. Neno kinanda, ambalo zamani lilikuwa jina la ala yoyote ya nyuzi, laonyesha kwamba lugha hii haikungoja Wazungu ili kutaja nyuzi. Mahadhi ni neno la washairi, nalo lafaa kabisa. Mlio lafaa kwa kile ambacho wengi huita toni, kwa kuwa toni ina kazi nyingine katika elimu ya lugha: Kinyamwezi, kwa mfano, ni lugha ya toni, na Kiswahili si lugha ya toni. Kucharaza, kukung'uta na kulinganisha nyuzi ni vitenzi vilivyo hai.

Lililobaki ni kazi ya mikono. Mzee wa bendi apewe gitaa, asikilizishwe ukanda wa wimbo alioupiga mwenyewe, aombwe kuonyesha vidole na kutaja kila kitu kwa jina alilolitumia, hata likiwa jina la kigeni lililopindwa. Kordi ziandikwe kwa herufi za kimataifa ili mgeni azisome, na chini yake ziandikwe kwa sol-fa, ambayo mwana kwaya wa Itigi au wa Rungwa aijua tayari. Na pale ambapo sauti haikai juu ya vyuma vya gitaa, kama ile ya saba ya Wagogo, isisukumwe mpaka ikae; iandikwe kwamba uzi ulivutwa, na ulivutwa kiasi gani. Maandishi ya namna hiyo hayatakuwa mafupi kama karatasi ya jazz. Karatasi ile iliandikwa kwa watu ambao kesho yake wangekutana tena na kuulizana. Haya yatasomwa na watu ambao hawatakuwa na mtu wa kumwuliza.